Visu vya mfukoni kutoka Japani: namna ya kutambua vilivyotengenezwa kweli Seki na Miki

Jina la Japani lina uzito sokoni. Afrika Mashariki uzito huo umeletwa zaidi na magari: mtu aliyeendesha Hiace au Fuso miaka kumi bila kuangushwa njiani haulizi mara mbili anapoliona neno "Japan" kwenye kitu kingine. Ndiyo maana kisu kidogo cha kukunja kilichoandikwa "Japan Steel" huuzika kirahisi kuliko kisu cha umbo lile lile kisicho na maandishi. Tatizo ni kwamba maneno hayo mawili hayamwambii mnunuzi kisu kimetengenezwa wapi.

Mfanyabiashara anayechukua katoni nzima kwa kuamini maandishi hayo anaweza kujikuta na mzigo ambao bawaba zake zinalegea kabla ya mwezi kwisha. Wateja wake ni madereva na utingo wanaopita dukani kila safari, na hao hawasahau. Kisu kinachojifunga chenyewe mtu anapokata kamba ya turubai hukata vidole kwanza, kisha hukata uhusiano wa muuzaji na mteja.

Jambo la kwanza la kuelewa ni tofauti kati ya chuma cha Japani na kisu cha Japani. Viwanda vya chuma vya Japani huuza chuma chao kwa watengenezaji wa nchi nyingine, kwa hiyo kisu kinaweza kuwa na chuma halali cha Kijapani na bado kikawa kimekatwa, kimechomwa na kuunganishwa kwingine. Hilo si kosa, mradi muuzaji aseme ukweli. Kinachotakiwa kumtia shaka mnunuzi ni maneno ya kuzungukazunguka: "mtindo wa Japani", "teknolojia ya Japani", "ubora wa Japani". Kisu kilichotengenezwa Japani huandikwa hivyo waziwazi, na mara nyingi hutaja na mji.

Mji wenyewe aghalabu ni Seki.

Seki uko katika mkoa wa Gifu, katikati ya kisiwa kikuu cha Honshu, takriban kilomita 40 kaskazini ya Nagoya. Umbali huo una maana kwa wafanyabiashara wa magari, kwa kuwa Nagoya ni bandari kubwa ya kusafirishia magari nje ya Japani. Aliyefika Nagoya kufuatilia magari yake anaweza kwenda Seki asubuhi na kurudi jioni. Wahunzi wa panga walianza kazi huko katika kipindi cha Kamakura, zaidi ya miaka 700 iliyopita, wakivutwa na udongo unaofaa kwa kazi ya kuchoma panga, mkaa wa misonobari na maji ya mito ya Nagara na Tsubo. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku watu kutembea na panga, na soko la silaha hiyo likaanguka. Wengi wa wahunzi waligeukia visu vya jikoni, mikasi, nyembe na visu vya kukunja. Kampuni ya Kai, ambayo leo inajulikana duniani kwa nyembe na visu vya jikoni, ilianzishwa Seki mwaka 1908 ikitengeneza visu vya mfukoni.

Kinachowashangaza wageni wanaofika Seki ni kwamba kisu kimoja hupita mikono mingi. Karakana moja hukata bapa kwa mashine, nyingine huchoma chuma na kukipoza ili kiwe kigumu, ya tatu husaga makali, ya nne hutengeneza mpini, na mwisho fundi mwingine huunganisha na kunoa. Nyingi ni karakana ndogo za familia. Kwa mfanyabiashara maana yake ni mbili. Kwanza, ubora wa Seki umejengwa na mji mzima wa mafundi, hivyo hata kampuni isiyo na jina kubwa inaweza kutoa kisu kizuri. Pili, mzigo hautoki haraka. Asiyezoea biashara hii huagiza vipande mia tano akitarajia kuvipata mwezi ujao, kisha hulalamika. Mafundi wenyewe wanazeeka na vijana hawajitokezi kwa wingi, kwa hiyo oda ndogo inayorudiwa kila msimu hupokelewa vizuri kuliko oda kubwa ya mara moja.

Majina ya kufahamu kutoka Seki ni pamoja na Mcusta, Moki, G.Sakai na Hattori. Lakini kisu cha Seki ambacho mnunuzi wa Kiafrika ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nacho hakina jina la Kijapani hata kidogo. Ni Spyderco, kampuni ya Marekani yenye makao yake Golden, Colorado. Visu vyake vya Delica na Endura vimekuwa vikitengenezwa Seki tangu mwaka 1990, na ni miongoni mwa visu vya kukunja vinavyofahamika zaidi duniani. Hapo ndipo wengi hukosea. Kampuni hiyo hiyo hutengenezesha visu vingine Marekani, Taiwan na China. Jina kubwa kwenye bapa halitoshi. Mnunuzi asome maandishi madogo yaliyo chini ya bapa, karibu na bawaba. Kilichotoka Japani kimeandikwa "Seki-City Japan". Kilichotoka Taiwan kimeandikwa Taichung, na cha China kimeandikwa China. Hakuna udanganyifu hapo: kampuni imeandika kila kitu, ila muuzaji wa tatu au wa nne anaweza kujifanya hajui kusoma.

Mfano wa upande wa pili ni Kershaw. Ilianzishwa Marekani mwaka 1974, visu vyake vya mwanzo vikitengenezwa Japani, na tangu mwaka 1977 ni mali ya Kai ya Seki. Leo visu vyake vingi hutengenezwa China na vingine Marekani. Mwenye kampuni ni Mjapani, kisu si cha Japani. Muuzaji anayesema "hii ni kampuni ya Kijapani" hadanganyi, lakini hajajibu swali aliloulizwa.

Mji wa pili ni Miki, katika mkoa wa Hyogo, si mbali na bandari ya Kobe. Miki ni mji wa zana za maseremala: misumeno, patasi na randa. Huko ndiko kinakotoka kisu cha mfukoni cha Kijapani kuliko vyote, Higonokami. Kilianza kutengenezwa miaka ya 1890. Ni bapa moja na mpini wa bati la shaba ya njano au chuma lililokunjwa, basi. Hakina springi wala kizuizi. Mkia mdogo wa bapa hutokeza juu ya mpini, na mtu huukandamiza kwa dole gumba ili kisu kisijifunge. Kwa miongo mingi watoto wa shule wa Japani walichongea penseli zao kwa kisu hiki. Baada ya mwaka 1960, mwanasiasa Asanuma Inejiro alipouawa jukwaani mjini Tokyo na kijana wa miaka 17 aliyekuwa na upanga mfupi, kampeni ya kuwaondolea watoto vitu vyenye makali ilipata nguvu na soko la Higonokami likaporomoka. Leo jina hilo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na kiwanda kimoja tu cha familia mjini Miki, Nagao Kanekoma, ndicho chenye haki ya kulitumia. Visu vya umbo hilo vipo vingi kutoka kwingine. Visivyo vya kiwanda hicho haviruhusiwi kuitwa Higonokami. Herufi za kutafuta kwenye mpini ni 肥後守.

Asiyesoma Kijapani anaweza kukariri herufi chache tu na zikamtosha. 日本製 maana yake ni "kimetengenezwa Japani". 関 ni jina la Seki. Kwenye Higonokami kizuri huwa kuna 青紙, yaani aogami, "karatasi ya bluu", ambalo ni jina la chuma na si la rangi ya kisu. Jina limetokana na rangi ya karatasi ambayo kiwanda cha Yasugi, mkoa wa Shimane, hutofautishia chuma chake. Ndugu yake ni shirogami, karatasi nyeupe. Kiwanda hicho kilikuwa cha Hitachi Metals, kampuni iliyobadili jina na kuitwa Proterial mwaka 2023, kwa hiyo mnunuzi asishangae kuona majina yote mawili kwenye karatasi za wauzaji.

Chuma gani kwa mteja gani

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hupoteza fedha hata wanaponunua bidhaa halali. Aogami na shirogami hunoleka vizuri ajabu na hukaa na makali muda mrefu, lakini hushika kutu. Higonokami kikikatiwa embe na kurudishwa mfukoni bila kufutwa, kesho yake kina madoa meusi. Katika hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja hata kukaa dukani bila mafuta ni hatari. Hicho ni kisu cha mtu anayependa visu, au cha fundi seremala anayejua kutunza chuma. Kumuuzia dereva wa lori bila kumweleza ni kumtafutia ugomvi.

Kwa dereva kinachofaa ni chuma kisichoshika kutu kirahisi. VG-10 hutengenezwa na Takefu Special Steel ya Echizen, mkoa wa Fukui. Ina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu karibu asilimia 15, pamoja na kobalti kidogo. Kromiamu huzuia kutu, kaboni hutoa makali. Delica na Endura za kawaida hutumia chuma hicho, na Mcusta hukitumia pia. AUS-8, kinachotengenezwa na Aichi Steel, kina kaboni kidogo zaidi. Hupoteza makali mapema lakini hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida, na kwa mtu anayekata magunia kutwa hilo si jambo dogo. Mtumiaji asiye na jiwe zuri la kunolea ataifurahia AUS-8 kuliko chuma cha bei ya juu kisichonoleka barabarani.

Kwa mabaharia wa majahazi, wavuvi na wapakiaji wa bandarini kuna visu vya Spyderco vya familia ya Salt. Matoleo yaliyotengenezwa Seki yalitumia kwa miaka mingi chuma kiitwacho H-1, ambacho sehemu kubwa ya kazi ya kaboni hufanywa na nitrojeni. Maji ya bahari hayakifanyi kitu. Mrithi wake huitwa H-2. Cha makali ya msumeno ndicho bora kwa kamba za nailoni, ingawa kukinoa kunahitaji kijiti maalumu na si jiwe bapa.

Jina la chuma nalo laweza kuchanganya. China hutengeneza chuma kiitwacho 10Cr15CoMoV, chenye mchanganyiko unaokaribiana sana na VG-10. Ni chuma kizuri. Wanaopitia Guangzhou wanaujua mji wa Yangjiang, katika jimbo hilo hilo la Guangdong, ambao ni kitovu kikubwa cha visu duniani, na humo kuna visu vya kila daraja, vikiwemo vya hali ya juu. Kisu cha Yangjiang kilichoandikwa kwa ukweli ni bidhaa ya kuheshimika na chaweza kumfaa mteja kuliko cha Seki kwa bei yake. Tatizo huanza pale kinapovikwa jina la mji mwingine njiani.

Kukikagua mkononi

Kisu cha kukunja huonyesha ubora wake kabla ya kukata chochote. Kikiwa kimefungwa, bapa litazamwe kutoka juu: linatakiwa kukaa katikati ya mpini bila kugusa upande wowote. Kikifunguliwa, mtu ashike ncha kwa tahadhari na kujaribu kuitikisa kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kisu cha Seki cha bei ya kati hakitikisiki. Kizuizi kinatakiwa kuingia chote kwa mlio mmoja mkavu. Mgongo wa kisu ugongwe taratibu kwenye mti laini, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa. Kikijifunga, kirudishwe kwenye boksi. Higonokami hakihesabiwi hapo kwa kuwa hakina kizuizi. Chake ni kuangalia kama bapa linakwenda kwa uzito ule ule tangu mwanzo wa kufungua hadi mwisho.

Makali yaangaliwe chini ya taa. Mstari wa makali uwe na upana mmoja pande zote mbili, kutoka bawaba hadi ncha. Ukipanuka na kusinyaa kama barabara ya vumbi, kisu kilisagwa kwa haraka.

Visu vyenye michoro ya mawimbi kwenye bapa vinahitaji jicho la ziada. Katika kisu halali mawimbi hayo ni matabaka ya chuma yaliyofuliwa pamoja, na katikati kuna chuma kigumu kama VG-10 ambacho ndicho hufika kwenye makali. Kwa hiyo mawimbi huonekana hata kwenye mgongo wa bapa kama mistari myembamba, na hukoma karibu na makali ambapo chuma cha katikati hutokeza. Mchoro uliochapwa kwa mashine ya leza hufunika bapa hadi ukingoni, mgongo hubaki mtupu, na msasa laini huufuta.

Bei nayo husema. Higonokami ndicho cha bei ya chini kati ya visu halisi vya Japani. Delica huuzwa Marekani rejareja kwa takriban dola 100 au zaidi, na visu vya Rockstead huvuka dola 1,000. Anayeletewa "VG-10 ya Seki" kwa dola mbili kipande, kwa dazani, hahitaji kupima chochote. Yeni ilishuka sana miaka ya karibuni, na Julai 2024 dola moja ilifika zaidi ya yeni 160, jambo lililowapa nafuu wanunuzi wenye dola. Lakini nafuu ya namna hiyo haifanyi kisu cha dola 100 kiwe cha dola mbili. Anayenunua kwa ajili ya kusafirisha nje aombe bei isiyo na kodi ya mauzo ya Japani, ambayo ni asilimia 10.

Njiani na mpakani

Japani ina sheria kali ya vitu vyenye makali. Chini ya sheria ya bunduki na panga ya mwaka 1958, kutembea na kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu halali ni kosa, ingawa aina fulani za visu vya kukunja hupewa nafasi hadi sentimita 8. Hata kidogo kuliko hicho chaweza kumpeleka mtu kituo cha polisi kikifichwa mfukoni bila sababu. Baada ya mauaji ya Akihabara ya Juni 2008, sheria iliongezwa makali na tangu mwaka 2009 ni kosa hata kumiliki kisu chenye makali pande mbili na bapa la sentimita 5.5 au zaidi. Mgeni aliyenunua sampuli Seki aziache ndani ya boksi, pamoja na risiti, chini kabisa ya begi, wala asiweke moja mfukoni kwa kujionyesha. Kwenye ndege zote huenda kwenye mizigo ya chini. Anayebadilisha ndege Dubai au Doha akiwa na sampuli kwenye mkoba wa mkononi ataziacha huko, na hakuna wa kumlalamikia.

Wapo wenye mawazo ya kuweka boksi la visu ndani ya gari lililonunuliwa mnada, chini ya tairi la akiba. Ushauri ni kuliacha wazo hilo. Kitu kisichoandikwa kwenye orodha ya shehena ni magendo, na forodha ikikikuta hakitaathirika chenyewe tu. Gari nalo litashikiliwa, gharama za bandari zikihesabiwa kila siku.

Kwenye tamko la forodha visu vya kukunja huingia namba 8211.93. Visu vya bapa lisilokunjwa vina namba yake, na kuvichanganya katika ankara moja bila kutenganisha huchelewesha mzigo. Maelezo yawe ya wazi: "visu vya kukunja vya kazi", idadi, urefu wa bapa, aina ya chuma, nchi vilikotengenezwa. Neno "mapambo" lisitumike kwa kitu chenye makali. Ushuru hukokotolewa kwa thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli, halafu kodi ya ongezeko la thamani hufuata, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, Uganda na Rwanda. Muuzaji wa Japani aombwe pia cheti cha uasili wa bidhaa kutoka chama cha wafanyabiashara na viwanda cha mji wake. Karatasi hiyo humsaidia mwagizaji forodhani, na dukani humfunga mdomo anayedai visu ni vya kughushi.

Kosa linalorudiwa mipakani, hasa na wachuuzi wa Namanga, Busia na Holili, ni kudhani kwamba mzigo mdogo ulionunuliwa nchi jirani unavuka kwa cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha bidhaa zisizozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kisu cha Seki hakigeuki kuwa cha Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Anayevuka na dazani mbili kuelekea Arusha abebe ankara ya duka na nakala ya stakabadhi zinazoonyesha mzigo uliingia kihalali, kisha aulize kwa wakala wa forodha kabla ya kufika dirishani.

Na visu vikishafika ghalani pwani, vitolewe kwenye karatasi zilizoshika unyevu, vipakwe mafuta mepesi ya mashine, Higonokami kwanza.